Bunduki za baruti nyeusi: juu ya nini zilioshwa kwa maji kabla ya kupakwa mafuta

Mkaaji wa Bihambwe anajua kutu. Panga likilala nje usiku mmoja wa mvua, asubuhi linaonekana na madoa mekundu. Jembe likiwekwa na udongo wake, kesho yake limechakaa. Milima ya Masisi ina baridi, ina ukungu, na mvua yake ni nyingi. Chuma hakipendi hali kama ile.

Sasa chukua chuma hicho hicho, ukipake chumvi na majivu kwa ndani, kisha ukifunge na ukiache usiku kucha. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila bunduki ya baruti nyeusi baada ya kupigwa. Kama haikusafishwa siku ile ile, ilianza kuliwa na kutu toka ndani, mahali ambapo jicho halifiki kwa urahisi. Na bunduki iliyoliwa ndani ilikuwa hatari kwa mwenye kuishika kuliko kwa yule aliyelengwa.

Bunduki hizi zilipita katika Kongo ya mashariki kwa miaka mingi, kuanzia miaka ya 1870 hadi vita vya kwanza vya dunia. Nyingine zilikuja na misafara ya biashara na ya wazungu, nyingine na askari wa serikali. Habari hii inaeleza zilikuwa bunduki gani, baruti yake iliacha nini ndani ya chuma, zilisafishwa namna gani, na mtu afanye nini leo akikuta mojawapo nyumbani au shambani.

Bunduki za aina gani?

Kabla yake kulikuwa na gobore, yaani bunduki ya kujazwa kwa mdomo. Mwenye gobore anamimina baruti kwa juu, anaweka risasi, anashindilia kwa mdeki, kisha anaweka fataki au anategemea jiwe la gumegume kutoa cheche. Ni kazi ndefu, na inafanywa mtu akiwa amesimama.

Bunduki za kujazwa kwa nyuma zilibadili jambo hili. Risasi, baruti na fataki viliwekwa pamoja ndani ya ganda moja la shaba. Askari alifungua kifungio cha nyuma, akasukuma ganda ndani, akafunga, akapiga. Aliweza kufanya hivyo hata akiwa amelala chini kwenye majani. Lakini baruti ilibaki ile ile nyeusi ya zamani, kwa hiyo uchafu wake nao ulibaki ule ule.

Katika Afrika ya Mashariki na Kongo, majina yaliyojulikana ni haya:

Snider, ya Waingereza, ya mwaka 1866. Ilikuwa gobore la Enfield lililokatwa nyuma na kuwekewa kifungio kinachofunguka upande.

Martini-Henry, ya Waingereza pia, ya mwaka 1871. Mtu anashusha mkono wa chuma chini ya kitako, na kifungio kinashuka. Ganda lake lilibeba baruti ya gramu 5 na nusu hivi, na risasi ya risasi nyeusi yenye uzito wa gramu 31.

Remington, ya Wamarekani, yenye kifungio cha kuviringika. Zaidi ya mia tano za aina hii zilitolewa na serikali ya Misri kwa msafara wa Stanley wa mwaka 1887, ule uliovuka msitu wa Ituri kwenda kumtafuta Emin Pasha. Waliozibeba wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar na pwani, wasemaji wa Kiswahili.

Albini, ya Wabelgiji, ya mwaka 1867, yenye mtutu wa milimita 11. Kifungio chake kinainuka na kulala mbele, juu ya mtutu. Ndiyo iliyokuwa bunduki ya Force Publique, jeshi la Dola Huru la Kongo na baadaye la koloni la Ubelgiji.

Mauser ya mwaka 1871, ya Wajerumani, milimita 11 pia, yenye kifungio cha kuvuta. Hii ilibebwa na askari wa Wajerumani waliokuwa Tanganyika, Ruanda na Urundi.

Nani aliruhusiwa kuwa nayo?

Tofauti kati ya gobore na bunduki ya nyuma haikuwa jambo la mafundi peke yao. Ilikuwa sheria. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa 17 yalitia sahihi Mkataba wa Brussels. Mkataba huo ulisema kwamba lengo ni kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake, silaha za kisasa zilizuiwa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini yake. Bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuuzwa kwa masharti. Bunduki za kujazwa kwa nyuma zilibaki mikononi mwa serikali na wale iliowapa ruhusa.

Matokeo yake yalionekana haraka. Mwanakijiji na mwindaji walibaki na gobore, askari wa Dola akabaki na Albini. Katika maeneo ya mpira, hasa Ekwateri, askari alitakiwa kueleza kila ganda la risasi lilikwenda wapi, na ushahidi ukawa mkono uliokatwa kwa mtu. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliandika mambo hayo, na tume ya uchunguzi iliyofuata ikasikiliza mashahidi. Anayesoma juu ya bunduki hizi asisahau kazi zilizofanywa nazo.

Baruti nyeusi inaacha nini?

Baruti nyeusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu: shura, makala ya mti na kiberiti cha unga. Kwa kawaida, katika sehemu 100, shura ni 75, makala ni 15 na kiberiti ni 10.

Ikiwaka, haiishi yote kuwa hewa. Chini kidogo ya nusu ya uzito wake ndiyo inayogeuka hewa ya moto na kusukuma risasi. Sehemu iliyobaki, zaidi ya nusu, ni vumbi gumu. Sehemu ya vumbi hilo inatoka mdomoni kama moshi mzito mweupe, na sehemu nyingine inaganda ndani ya mtutu. Ganda moja la Martini-Henry lilitoa karibu gramu 3 za vumbi hilo. Kwa risasi ishirini ni gramu 60, kama vijiko kadhaa vya chumvi.

Na kwa kweli ni chumvi. Mama anayechuja maji ya majivu kwa ajili ya kulainisha maharagwe anakijua kitu kimojawapo kilichomo, maana chumvi ya majivu nayo inatoka katika jamii ile ile ya shura. Chumvi hizi zina tabia moja mbaya: zinavuta maji toka hewani. Katika jangwa kavu, mtutu mchafu unaweza kungoja kidogo. Katika ukungu wa Masisi haungoji. Usiku mmoja unatosha kwa vumbi hilo kulowa, na chuma kilicho chini yake kuanza kula kutu.

Kuna adui wa pili, fataki. Fataki za zamani zilikuwa na chumvi nyingine ndani yake, na baada ya kuwaka ziliacha mabaki yanayofanana na chumvi ya kula. Ndiyo sababu hata baada ya baruti isiyo na moshi kufika, askari wa King's African Rifles walizoea kumimina maji ya moto ndani ya mitutu yao. Baruti ilikuwa mpya, lakini fataki bado ilikuwa ya zamani.

Maji kwanza, mafuta baadaye

Hapa ndipo wengi wanakosea. Mtu akiona chuma kichafu, mawazo yake ya kwanza ni mafuta. Lakini chumvi haiyeyuki ndani ya mafuta, inayeyuka ndani ya maji. Anayepaka mafuta juu ya vumbi la baruti anafunika chumvi pamoja na unyevu wake, kama vile kufunga sufuria yenye chakula kibovu. Juu yake panang'aa, chini panaoza.

Utaratibu ulikuwa hivi, na wapenzi wa bunduki za kale huko Ulaya na Marekani wanaufuata hadi leo:

1. Kuhakikisha haina kitu ndani. Kifungio cha nyuma kinafunguliwa, chumba cha risasi kinaangaliwa kwa jicho na kupapaswa kwa kidole. Magoda na magunia ya risasi yanawekwa mbali, na moto vilevile. Hakuna hatua ya pili kabla ya hii.

2. Kutoa kifungio, kama kinatoka. Kwenye Mauser ya 1871 kifungio chote kinavutwa nje, na mtutu unabaki wazi kama bomba. Hapo mdeki unaingia kwa nyuma na kutokea mbele. Hiyo ndiyo njia bora, juu ya sababu moja: ukingo wa mdomo ndio unaoiaga risasi mwisho, na ukikwaruzwa na mdeki kila siku, risasi inaanza kupotea njia. Kwenye Martini-Henry na Snider chuma cha nyuma kinazuia mdeki kunyooka, kwa hiyo askari alisafisha kwa mdomo, polepole, akiulinda ukingo kwa vidole.

3. Maji. Kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto kinapitishwa mara nyingi, kikibadilishwa kila kinapotoka cheusi. Sabuni kidogo inasaidia. Mara ya kwanza harufu ya yai bovu inapanda. Hiyo ni kiberiti kinachotoka, na ni dalili kwamba maji yanafanya kazi. Maji ya mwisho yanakuwa ya moto sana na safi, bila sabuni, ili chuma kipate joto na kujikausha chenyewe. Mdomo unaelekezwa chini wakati wote, maji yasirudi kwenye mtambo wala kuingia chini ya mti wa kitako. Mti uliolowa unavimba, na unashika unyevu dhidi ya chuma kwa siku nyingi.

4. Kukausha. Vitambaa vikavu vinapitishwa hadi cha mwisho kitoke kama kilivyoingia. Chuma chenye joto kikiachwa wazi bila kitu kinapata kutu nyepesi ya rangi ya chungwa ndani ya dakika chache, kwa hiyo hakuna kupumzika kati ya hatua hii na inayofuata.

5. Mafuta. Sasa mafuta yana kazi: kuzuia hewa yenye maji isiguse chuma. Tabaka jembamba linatosha. Mafuta ya mnyama yalitumika sana, lakini yasiwe na chumvi hata kidogo. Mafuta ya ngazi na mengine ya kula yakikaa muda mrefu yanachacha na kuwa makali, kwa hiyo hayafai kwa bunduki inayowekwa miezi.

6. Kifungio na kichwa cha fataki. Moshi unarudi nyuma pia. Kifungio kinafutwa kwa kitambaa chenye maji, kinakaushwa, kinapakwa mafuta. Sindano inayogonga fataki inaangaliwa kama inakwenda na kurudi bila kukwama.

7. Kurudi kesho yake. Kitambaa kikavu kinapitishwa tena. Kikitoka na rangi nyekundu au kahawia, kazi ya jana haikwisha, na inaanza upya toka maji. Wazoefu walirudia hata siku ya tatu.

Maganda ya shaba yaliyotakiwa kutumika tena nayo yalioshwa. Yakiachwa yanageuka kijani na kupasuka.

Makosa yaliyoua

Uchafu haukuharibu mali peke yake. Kila risasi iliongeza tabaka ndani ya mtutu, na baada ya kupiga mfululizo risasi ilipita kwa shida, bega likapigwa kwa nguvu zaidi, shabaha ikapotea. Watengenezaji walijaribu kupunguza tatizo hilo. Ndani ya ganda la Martini-Henry waliweka kipande cha nta ya nyuki nyuma ya risasi, ili kiyeyuke na kulainisha vumbi.

Haikutosha siku zote. Mwezi Januari 1885, katika vita vya Abu Klea huko Sudani, Martini-Henry nyingi za Waingereza zilikwama katikati ya mapigano. Mchanga, joto na masizi vilikutana na maganda yaliyokuwa ya shaba nyembamba ya kukunjwa. Askari alivuta, kichwa cha ganda kikatoka, mwili wake ukabaki umeshika ndani. Bunduki ikawa fimbo. Baada ya hapo maganda ya kukunjwa yaliachwa, yakaja ya shaba nzima.

Mafuta ya petroli nayo yalileta shida yake. Yakichanganyika na masizi ya baruti nyeusi na kupata moto, yanakuwa kitu kama lami, kigumu kutoka kuliko uchafu wenyewe. Ndiyo maana kabla ya kupiga, mafuta ya kuhifadhia yalifutwa.

Moshi uliowamaliza

Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwingi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaichukua kwa bunduki mpya ya Lebel. Ulaya yote ikafuata. Lakini huko makoloni, bunduki za zamani ziliendelea. Mwaka 1914 vita vilipofika, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani bado zilikuwa na Mauser ya 1871, na Force Publique ilikuwa bado na Albini nyingi. Kando ya ziwa Kivu, mahali ambapo Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi mwezi Septemba mwaka ule, pande zote mbili zilijua ubaya wa moshi. Kila aliyepiga alionyesha amejificha wapi: wingu jeupe lilipanda juu ya kichaka, na majibu yakaelekezwa hapo.

Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens iliwafikishia Wajerumani bunduki mpya kwenye ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Upande wa pili, Jenerali Tombeur alipoanza mashambulizi mwezi Aprili 1916, jeshi lake lilikuwa limepewa silaha mpya. Lilifika Kigali tarehe 6 Mei na Tabora tarehe 19 Septemba. Njia nzima, wabebaji walibeba masanduku ya risasi mgongoni na kichwani, na wengi wao hawakurudi. Baada ya vita vile, baruti nyeusi haikurudi tena kama silaha ya jeshi. Ilibaki kwa wawindaji.

Ukikuta bunduki ya zamani leo

Hatua zilizoelezwa hapo juu ni za bunduki inayojulikana, iliyofunguliwa, na ambayo haina kitu ndani. Chuma kilichofukuliwa shambani au kupatikana kwenye dari ya nyumba ya mzee si hivyo. Wakaaji wa Masisi na Walikale wameishi na silaha za kila aina, na kuzoea ndiko kunakoleta ajali. Kwa hiyo:

Usijaribu kuisafisha, kuifungua kwa nguvu wala kuigonga. Inaweza kuwa imejazwa. Baruti nyeusi haifi kwa uzee. Ikiwa kavu inawaka hata baada ya miaka mingi sana, na hata iliyowahi kulowa inaweza kuwaka ikikauka. Fataki ya zamani nayo haitabiriki.

Usiimwagie maji ya moto na usiisogeze karibu na jiko. Usimpe fundi wa chuma aipashe moto ili ageuze mtutu kuwa bomba au kitu kingine.

Usijaribu kuipigia risasi za kisasa. Baruti ya leo ina nguvu nyingine, na mtutu uliotengenezwa kwa baruti nyeusi, tena ulioliwa na kutu, unapasuka mkononi na usoni mwa mpigaji. Hatari hiyo hiyo iko kwa bunduki za kienyeji zinazotengenezwa kwa mabomba.

Waondoe watoto, weka alama mahali pale, na umjulishe chifu wa kijiji au mashirika ya kutegua mabomu. Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inasema kwamba kuwa na silaha kunahitaji kibali, na uzee wa bunduki hauwezi kumtetea mtu ambaye amekutwa nayo nyumbani.

Kwa yule asiyekuwa na bunduki wala haja nayo, somo la maji na mafuta linabaki na faida. Panga lililokata nyama yenye chumvi, jembe lililochimba kwenye majivu, pampu iliyobeba dawa ya mimea: vyote vinaharibiwa na chumvi ile ile. Osha kwa maji kwanza. Kausha. Kisha paka mafuta. Na kesho asubuhi, kabla ya kwenda shambani, angalia tena.